Kadi ya Benki Haiwekwi Rehani



Wengi wetu tulivuka mpaka na fedha zilizoshonwa kwenye pindo la nguo, na wengine bila hata senti moja. Leo mambo yamegeuka. Katika makazi ya Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, hapa Uganda, kuna akina mama na wazee ambao kwao hawakuwahi kuingia benki hata siku moja, lakini sasa wana akaunti na kadi ya plastiki yenye jina lao. Msaada wa fedha unapitia humo. Wapo pia wanaolipwa humo ujira wa kazi ndogo ndogo, na wanaotunza humo faida ya biashara ya dagaa au ya ushonaji.

Kadi ina faida zake. Ni nyepesi kuliko gunia la mahindi, haili panya, wala hailoi mvua. Lakini gunia likiibwa usiku, asubuhi utaona unga umemwagika njiani na utajua mwizi alipita wapi. Fedha za akaunti zikiibwa huoni chochote. Mlango umefungwa, kadi iko pale pale chini ya mto, na akaunti haina kitu. Kwa mtu aliye ugenini jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa hana shamba la baba la kukimbilia wala shangazi wa kumkopesha mpaka mwezi ujao.

Somo letu la leo ni namna ya kulinda fedha hizo.

KADI NA NAMBA YA SIRI

Yafaa kwanza tuelewe vitu hivi viwili. Kadi ni kama ufunguo, nayo namba ya siri, ambayo wengi huiita PIN, ni kama sahihi yako au dole gumba lako. Mashine haijui uso wako. Haijui kama wewe ni mama wa watoto sita au ni kijana wa sokoni. Mtu yeyote akileta kadi na namba iliyo sahihi, mashine inamhesabu kuwa ni wewe, na fedha inampa.

Mashine ya kwanza ya kutolea fedha huko Uingereza ilifunguliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967. Mtu aliyeibuni, John Shepherd-Barron, alisimulia kwamba yeye alifikiria namba ya siri yenye tarakimu sita, lakini mkewe akamwambia kwamba anaweza kukumbuka nne tu. Basi zikawa nne, na nne ndizo tunazotumia wengi wetu mpaka leo. Ukihesabu kuanzia 0000 hadi 9999 unapata namba 10,000. Mwizi hawezi kuzijaribu zote, kwa sababu akikosea mara chache, kwa kawaida mara tatu, kadi inajifunga. Kwa hiyo mwizi hakisii hovyo. Anahitaji umwambie, au akuone ukibonyeza, au uwe umechagua namba nyepesi.

Namba nyepesi ni zipi? 1234 ndiyo ya kwanza kujaribiwa na kila mwizi duniani. 0000 na 1111 ni hivyo hivyo. Mwaka wako wa kuzaliwa umeandikwa kwenye kitambulisho chako cha mkimbizi, na mara nyingi kitambulisho hicho unakiweka mfuko mmoja na kadi. Tena kuna jambo letu sisi wakimbizi: wengi wetu, tulipoandikishwa bila cheti cha kuzaliwa, tuliandikiwa tarehe 1 Januari. Ukichagua 0101 ukidhani umejificha, jirani yako naye ana siku ya kuzaliwa kama yako, na mwizi analijua hilo. Chagua namba ambayo ina maana kwako wewe tu, kama idadi ya mbuzi wa babu yako na idadi ya nyumba za jirani zake kule kijijini, na usimweleze mtu hadithi yake.

Usiiandike juu ya kadi, wala kwenye karatasi iliyokunjwa pamoja nayo. Tunajua watu wanafanya hivyo, hasa wazee, kwa hofu ya kusahau. Ukisahau namba, benki itakupa nyingine. Utapoteza nusu siku na nauli. Ukiibiwa, unapoteza mwezi mzima.

KADI ILIYOLALA DUKANI

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Watu wengi wakisikia wizi wa kadi wanafikiria majambazi wa mjini wenye kompyuta. Kwetu sisi kadi nyingi haziibwi. Zinapelekwa dukani na wenyewe, kwa mikono yao, na namba ya siri inatajwa kwa midomo yao, ili wapate unga na sabuni kwa mkopo.

Hatusemi hivyo kwa kumlaumu mtu. Posho imepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, na mwaka 2023 kaya ziligawanywa katika makundi kulingana na mahitaji, wengine wakapunguziwa na wengine wakaondolewa kabisa. Mtoto akilia njaa tarehe 20, huwezi kumwambia angoje fedha za mwezi ujao. Utakwenda dukani. Mwenye duka naye ana watoto, na anaogopa kwamba ukipokea fedha utapita njia nyingine. Ndipo mazungumzo kama haya yanapotokea:

"Shikamoo mzee. Nimekuja tena kwa shida ya unga."

"Marahaba mama. Lakini deni la mwezi uliopita bado liko kwenye daftari."

"Nitalipa fedha zikiingia."

"Kila mtu ananiambia hivyo. Niachie kadi na namba yake, nitajilipa mwenyewe. Wewe usihangaike hata na foleni ya wakala."

Sikiliza sentensi hiyo ya mwisho. Imesemwa kama msaada. Mama anachoka na foleni, ana mtoto mgongoni, na mwenye duka ni mtu anayemsalimu kila siku. Anaacha kadi.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mama huyo anadaiwa shilingi 70,000, na siku ya malipo zinaingia shilingi 110,000. Mwenye duka anakwenda kwa wakala na kutoa zote. Anajilipa 70,000. Anakata 5,000 akisema ni nauli yake. Zinabaki 35,000. Badala ya kumpa mama fedha mkononi, anampa unga, mafuta na sukari kwa bei ya duka lake, vitu ambavyo sokoni angevipata kwa 25,000. Deni limekwisha kwenye daftari, lakini mama ametoka bila hata shilingi ya kusagisha mahindi au ya kununua daftari la mtoto. Kabla ya wiki mbili kwisha anarudi kukopa, na kadi haikutoka dukani hata siku moja. Hakuna aliyevunja mlango. Lakini shilingi 15,000 zimetoweka, na mwezi ujao zitatoweka tena.

Na huyo ni mwenye duka mwenye nafuu. Yupo anayetoa fedha na kusema, "Mwezi huu hazijaingia." Utamjuaje, ikiwa ujumbe wa benki unakuja kwenye simu isiyo na chaji, na kadi iko kwake? Yupo anayehama usiku na kadi ishirini za watu. Yupo pia ambaye yeye mwenyewe ni mwaminifu, ila kijana anayemsaidia dukani ameshazijua namba zote. Na ikitokea lolote, benki itaangalia na kuona kwamba kadi iliyotumika ni halali na namba iliyobonyezwa ni sahihi. Ukikiri kwamba uliitoa mwenyewe, usitegemee kurudishiwa.

Basi ufanyeje, nawe unahitaji mkopo? Kukopa si kosa. Kosa ni kuweka kadi rehani. Mwambie mwenye duka deni liandikwe kwenye madaftari mawili, moja lake na moja lako, kila kitu na bei yake siku ile ile, na shahidi mmoja mnayemheshimu nyote wawili aweke sahihi. Mwambie pia kwamba siku ya malipo mtakwenda pamoja kwa wakala: utaingiza kadi wewe, utabonyeza namba wewe, utapokea fedha wewe, kisha utamhesabia chake mkononi mbele ya shahidi. Mwenye duka mwenye haki atakubali, maana anachotaka ni kulipwa. Asiyekubali njia hiyo, na anataka kadi tu, amekuonyesha kwamba kuna kitu kingine anachokitaka zaidi ya deni. Wapo pia walioanzisha vikundi vya kuweka na kukopa vya watu kumi na tano au ishirini na tano, ambapo mtu akikwama anakopeshwa fedha za kikundi, na bei ya unga anaitafuta mwenyewe sokoni.

Na ikiwa kadi yako iko dukani sasa hivi, wakati unasoma haya? Nenda kaiombe kwa upole, ukiwa na shahidi, na mkubaliane namna ya kulipa. Ukiipata, badilisha namba ya siri siku hiyo hiyo. Ukinyimwa, usipigane wala usitukanane. Nenda benki na kitambulisho chako, waombe waifunge kadi na wakupe nyingine. Huenda ukalipia kadi mpya, lakini unalipa mara moja. Kisha mrudie mwenye duka na shahidi wako, umwambie wazi kwamba kadi ile haifanyi kazi tena na kwamba deni lake unalitambua na utalilipa. Kufunga kadi si kukataa deni. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kiongozi wa kijiji au kamati ya ustawi wa wakimbizi wanaweza kukusaidia katika hilo la deni.

Jambo lililo karibu na hilo ni la wanaosafiri. Mtu anakwenda Kampala kutafuta kazi, au anavuka kwenda kuangalia shamba lake Rutshuru, naye anamwachia kadi shemeji au rafiki. Usifanye hivyo. Safiri na kadi yako. Ikiwa safari ni ndefu au huna nia ya kurudi, itoe taarifa hiyo kwenye ofisi inayokuandikisha. Mtu akiendelea kutoa fedha kwa jina lako wakati wewe hupo, faili litakalopata doa ni lako.

KWA WAKALA NA KWENYE MASHINE

Shida kubwa ya wengi wetu hapa ni lugha. Tumesoma Kifaransa, au hatukusoma kabisa, na mashine inazungumza Kiingereza. Ndipo anatokea kijana nadhifu anayesema Kiswahili kizuri: "Mama, nikusaidie?" Anaingiza kadi, anakuuliza namba, anabonyeza, anakurudishia kadi na kusema mashine imegoma. Unakwenda zako. Kadi uliyorudishiwa inafanana na yako kwa rangi na kwa maandishi, lakini ni ya mtu mwingine. Yako imebaki kwake, na namba umemwambia.

Kwa hiyo soma jina kwenye kadi kila unaporudishiwa. Asiyejua kusoma aweke alama yake, kama kipande kidogo cha karatasi ya gundi kwenye kona, mbali na kile kibamba cha rangi ya dhahabu na ule utepe mweusi wa nyuma.

Vitufe vinavyohitajika ni vichache, na karibu kila mashine vina rangi zile zile. Kijani ni kukubali. Njano ni kufuta ulichokosea. Nyekundu ni kughairi kila kitu. Ukichanganyikiwa, au mtu akikusogelea, bonyeza nyekundu, chukua kadi yako, ondoka. Hakuna fedha zitakazopotea kwa kubonyeza nyekundu. Wengine huwatuma watoto wao wa shule kwa kuwa wanajua Kiingereza. Tunaona ni afadhali mama ajifunze rangi tatu kuliko mtoto wa miaka kumi na mbili abebe namba ya siri ya kaya nzima katika midomo ya wenzake. Mtoto na awe mwalimu wako nyumbani, akuchoree vitufe mchangani.

Unapobonyeza, funika kwa kiganja cha mkono wa pili. Wakala akiona vibaya, hilo ni lake. Wakala mwaminifu hugeuza uso au hukusogezea kimashine mikononi mwako. Asikuulize namba, na asibonyeze kwa niaba yako, hata kama foleni ni ndefu na watu nyuma wanalalamika.

Kuna ujanja mwingine wa mawakala wachache. Unabonyeza, naye anasema, "Mtandao umepotea, rudia." Unarudia, unapewa fedha, unashukuru. Kumbe mara ya kwanza ilikubali pia, na fedha zimetolewa mara mbili. Mtandao hupotea kweli katika makazi yetu, hilo tunalijua wote, na ndiyo maana ujanja huu unaingia vizuri. Kabla ya kurudia, dai risiti ya ile ya kwanza, hata inayosema kwamba imekataliwa. Angalia pia ujumbe kwenye simu yako. Kila risiti iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi zako nyingine. Wino wake hufifia upesi, kwa hiyo nakili tarehe na kiasi kwenye daftari.

Mjini kuna wizi wa aina nyingine. Wezi hubandika kifaa kidogo kwenye mdomo wa mashine ili kinakili ule utepe mweusi, na kamera ndogo juu ya vitufe. Kibamba cha dhahabu ni kigumu zaidi kunakiliwa, lakini kadi nyingi bado zina vyote viwili. Ukiwa Mbarara au Kampala, tumia mashine iliyo ndani ya benki wakati wa mchana, na ukiona mdomo wa mashine unacheza cheza, usiingize kadi.

SIMU NI SEHEMU YA AKAUNTI

Laini ya simu uliyoandikisha benki ndiyo inayopokea taarifa za akaunti yako, na wakati mwingine namba za uthibitisho. Je, laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani? Zamani wakimbizi wengi waliomba Mganda rafiki awasajilie. Tangu mwaka 2019 Uganda iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama yako bado iko kwa jina la mtu mwingine, yeye ndiye mwenye laini machoni pa kampuni ya simu. Akitaka, anaweza kuifunga na kuichukua upya, na ujumbe wa benki utakwenda kwake. Sajili laini yako mwenyewe, kisha upeleke namba hiyo benki.

Halafu kuna wanaopiga simu. Anajitambulisha kuwa ni wa benki au wa shirika. Anakutaja jina na idadi ya watu wa kaya yako, nawe unaamini. Lakini majina yetu yanasomwa kwa kipaza sauti na orodha zinabandikwa ubaoni, kwa hiyo kujua jina lako si ajabu. Anasema fedha zako zimekwama, au jina lako limetoka kwenye orodha ya kwenda Marekani au Kanada, taja tu namba iliyoingia sasa hivi kwenye ujumbe. Usitaje. Benki haihitaji namba yako ya siri, maana fedha ziko kwake tayari. Na msaada wa kuhamishiwa nchi ya tatu hauuzwi. Anayekudai malipo au namba kwa ajili ya safari hiyo ni tapeli, hata kama anazungumza lugha ya nyumbani kwenu kwa lafudhi yenyewe.

IKIWA UMESHAIBIWA

Usingoje asubuhi. Piga simu benki kadi ifungwe, hata kabla ya kumweleza jirani. Kisha nenda tawini na kitambulisho chako, uombe taarifa ya akaunti iliyochapishwa. Humo utaona siku, saa na mahali fedha zilipotolewa, na mara nyingi hapo ndipo mtu hugundua kwamba ni kwa wakala fulani anayemfahamu. Andika malalamiko yako kwa maandishi na ubaki na nakala. Mwongozo wa Benki Kuu ya Uganda wa mwaka 2011 unaitaka benki iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko ya wateja, na mkimbizi mwenye akaunti ni mteja kama wengine.

Toa taarifa polisi pia, upewe namba ya kumbukumbu. Udanganyifu wa namna hii ni kosa chini ya sheria ya Uganda ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011. Ukiogopa kwenda peke yako, au lugha inakushinda, pita kwanza kwenye dawati la ulinzi ukaombe mkalimani. Ikiwa fedha zilizoibwa ni za msaada, piga ile namba ya bure ya malalamiko iliyo kwenye mbao za matangazo, ueleze siku na kiasi.

Mashine ikikata fedha kwenye akaunti bila kukupa noti, huo si wizi na mara nyingi hurekebishwa, ila uwe na risiti au ujumbe wa simu. Ikiwa namba yako ya siri uliitoa mwenyewe, sema ukweli hivyo hivyo. Huenda usirudishiwe, lakini taarifa yako inaweza kuwa ya tano juu ya mtu yule yule.

Namba ya simu ya benki imeandikwa nyuma ya kadi. Lakini siku kadi ikiibwa, nayo itakuwa imekwenda. Inuka sasa, uinakili kwenye simu ya mtu wa nyumbani mwako, na uiandike kwa mkaa nyuma ya mlango. Ni hiyo ya benki tu, si ile nyingine.